Yoga na skii kwa wiki moja Chamonix: lipia darasa la jioni

Nianze na uamuzi wangu, maana najua wapo wanaosoma hapa huku ukurasa wa malipo uko wazi pembeni. Wiki hii ya yoga na skii inafaa kulipiwa kwa sababu ya darasa la jioni. Lile la asubuhi unaweza kuliacha na usipungukiwe na kitu. Tofauti kati ya madarasa hayo mawili ndiyo inayonifanya niandike kwa kirefu, kwa sababu imenionyesha yoga inamfaa nini mtu anayeteleza kwenye theluji, na wapi haimfai kitu.

Nilifikia katika nyumba ya wageni iliyo kwenye bonde la Chamonix, Ufaransa, chini ya mlima Mont Blanc. Jina la nyumba silitaji, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimezisikia pia kwa waliokwenda Austria na Uswisi, na naona ni kasoro za aina hii ya likizo zaidi kuliko za nyumba moja. Wanachouza ni hiki: malazi, mwalimu wa skii wakati wa mchana, yoga kabla ya kutoka na yoga baada ya kurudi, na siku moja katikati ya wiki isiyo na skii kabisa. Mimi yoga ni mazoezi yangu ya miaka mingi. Kwenye theluji niko daraja la kati. Ulaya njia za kushukia hupangwa kwa rangi, na hapa Ufaransa, kuanzia rahisi hadi ngumu, ni kijani, buluu, nyekundu na nyeusi. Buluu nashuka bila wasiwasi, nyekundu nazishuka kwa kufikiri, nyeusi bado sijaziendea.

Tangazo lao linasema yoga "itaondoa maumivu ya misuli". Hapo sikubaliani nao, na ningependa walifute sentensi hiyo. Unaposhuka mlima kwa skii, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi huku ikirefuka: inashika breki mteremko mzima, ikizuia mwili usiporomoke. Kazi ya namna hiyo huumiza nyuzi za misuli kuliko kazi ya kupanda, na maumivu yenyewe hayaji palepale, huja kesho yake au keshokutwa, ndipo ngazi za nyumbani zinapogeuka adhabu. Kunyoosha misuli hakuyazuii. Mwaka 2011 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, walikusanya tafiti zilizokuwapo juu ya jambo hili wakakuta kwamba kunyoosha, kabla au baada ya mazoezi, hupunguza maumivu hayo kwa kiasi kidogo mno. Jioni baada ya yoga nililala vizuri sana, mgongo ulilegea, nyonga zilifunguka, lakini mapaja yaliuma kama yalivyotakiwa kuuma. Anayekwenda akitegemea yoga imponye miguu atarudi akiona ameibiwa.

Yoga inafaa kwa jambo jingine, nalo ni kubwa zaidi: inafundisha kusimama. Na hapa ndipo nimsifu mwalimu wa jioni kwa moyo wangu wote.

Mwalimu huyu anateleza kwenye theluji yeye mwenyewe, na anateleza vizuri. Kila jioni, kabla hatujakunjua mikeka, aliuliza: leo mmeshuka wapi, theluji ilikuwaje, na mwili unalalamika wapi? Kisha darasa likatoka kwenye majibu yetu. Kama tulikuwa kwenye theluji ngumu iliyoganda, alianza na nyayo. Kama ilikuwa theluji nzito ya alasiri, ile inayovuta miguu, alianza na nyonga. Nimehudhuria madarasa mengi ya "yoga kwa wanamichezo" ambayo ni darasa lilelile la kawaida lililobadilishwa jina. Hili lilikuwa limefikiriwa.

Nitoe mfano wa utkatasana, mkao wa kiti, ambao kila mtu anaujua: magoti yanakunjwa, makalio yanarudi nyuma, mikono inapanda juu. Walimu wengi hutuhimiza turudishe makalio nyuma zaidi, uzito uende visiginoni, magoti yasipite vidole. Mkekani hilo ni sawa. Kwenye skii mkao huo ndio unaowaangusha watu. Uzito ukienda visiginoni, ncha za mbele za skii zinakuwa nyepesi, hazishiki theluji, na ukitaka kugeuka hazikusikii. Mapaja nayo yanabeba mwili mzima kwa nguvu zake, ndiyo maana yanawaka moto kabla hujafika chini. Mwalimu alikunja blanketi, akaliweka chini ya visigino vyetu, akatuambia tushuke huku magoti yakienda mbele na muundi ukilala mbele. Viatu vya skii ni vigumu na vimeshika kifundo cha mguu pande zote, na mbele vina ulimi unaokaa juu ya muundi. Kazi yako ni kuubana huo ulimi kwa muundi, bila kuuachia. Tukakaa hapo kwa pumzi kadhaa, akapita akiweka kiganja mbele ya muundi wa kila mmoja na kusema: sukuma hapa.

Kesho yake tulikwenda Balme, mwisho wa juu wa bonde, ambako miteremko ni mipana na ya upole. Kwa mara ya kwanza nilijua kwa mwili, si kwa kuambiwa, ni wakati gani nimeuachia ule ulimi wa kiatu. Mwalimu wa skii alikuwa amenieleza jambo hilo mara nyingi akiwa amesimama chini yangu na fimbo yake imenyooshwa. Nilikuwa namwelewa, lakini nilikuwa sijawahi kulihisi. Chumbani, pekupeku, bila baridi wala woga, mwili ulipata nafasi ya kulijua.

Somo lake la pili lililonibadilisha lilikuwa la mguu wa nje. Ukigeuka kulia, uzito unakwenda skii ya kushoto. Ukigeuka kushoto, ya kulia. Skii iliyo upande wa nje wa kona ndiyo inayobeba. Woga unamvuta mtu afanye kinyume: anaegemea ndani, upande wa mlima, kwa sababu ndiko ardhi iliko karibu. Akatuweka kwenye vrksasana, mkao wa mti, macho yamefumbwa, tutafute pembe tatu za unyayo: chini ya kidole gumba, chini ya kidole cha mwisho, na kisigino. Kisha tuuhamishe uzito taratibu hadi chini ya kidole gumba bila goti kuingia ndani. Linasikika jepesi. Jaribu macho yakiwa yamefumbwa, baada ya siku nzima mlimani, ndipo utajua ni misuli gani midogo ya kifundo iliyolala ndani ya viatu vile vigumu. Kabla ya hapo alikuwa ametutaka tukae juu ya visigino huku vidole vya miguu vimekunjwa chini, mkao ambao chumba kizima kiliuchukia, na kuviringisha kijipira chini ya unyayo. Miguu iliyobanwa kutwa nzima inahitaji hilo kabla ya jambo lolote jingine.

Mizunguko ya kiwiliwili nayo aliigeuza juu chini. Kawaida katika yoga nyonga hutulia na kifua ndicho kinachozunguka. Anayeshuka kwa skii anahitaji kinyume chake: kifua kinaendelea kutazama bonde, miguu inageuka chini yake, huku na huku. Basi tulilala chali, mabega yote mawili yamegusa sakafu, magoti yameinuliwa pamoja, tukayapeleka kulia na kushoto bila bega kuinuka, kwanza polepole, kisha kwa mwendo wa kona fupi. Mzee mmoja katika kundi letu, ambaye ameshuka milima tangu utotoni na alikuja kwenye yoga kwa kumfuata mkewe tu, aliinuka akasema kwamba hivyo ndivyo angependa kufundishwa miaka yote. Mimi pia.

Na pumzi. Mahali panapotisha, njia ikibana au mteremko ukizidi, watu huziba pumzi bila kujua, na mwili ulioziba pumzi hukakamaa, hasa mapaja na mabega. Maagizo yake yalikuwa mafupi: toa pumzi ndefu muda wote unapozunguka kona, vuta unapohama kutoka kona moja kwenda nyingine. Nilijaribu kwenye njia nyekundu ya Brévent, eneo jingine la skii la bonde hili, ambayo mchana uliotangulia ilinitetemesha. Kona zenyewe zikawa na mwendo, kwa sababu pumzi ina urefu wake na kona inalazimika kuufuata. Kwangu hilo peke yake lina thamani ya nusu ya gharama ya wiki.

Kwenye pranayama, mazoezi ya pumzi ya yoga, alikuwa mwangalifu, nami namuunga mkono. Mji wa Chamonix uko mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, lakini skii inafanyika juu zaidi. Kwenye mita 2,000 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani, na Aiguille du Midi, anakopanda kila mgeni kwa gari la kebo ili kuona Mont Blanc kwa karibu, ni mita 3,842. Hewa ni nyembamba na kavu mno. Jioni za mwanzo hakuruhusu zoezi lolote la kuzuia pumzi kwa muda mrefu, na alisisitiza tunywe maji kabla ya kuja darasani. Waliokuja na mazoea yao ya kumbhaka, yaani kuzuia pumzi, walinung'unika. Alikuwa sahihi.

Magoti niyape aya yao. Katika skii, jeraha kubwa linaloongoza ni la goti, hasa ligamenti ya msalaba ya mbele, ile iliyo katikati ya goti inayozuia muundi kuponyoka kwenda mbele. Goti lililochoka jioni si goti la kuchezea. Mwalimu alikataa kabisa mkao wa njiwa wa sakafuni na mkao wa shujaa aliyeketi, akatupa njiwa ya kulala chali: kifundo juu ya paja la mguu wa pili, unavuta paja kifuani, goti haligusi kitu. Misuli ya nyuma ya mapaja tuliinyoosha tukiwa tumelala, mkanda ukishika wayo. Vifaa vilikuwa vya kutosha, mikanda, matofali ya koki, mito mirefu, mablanketi, na hilo si jambo dogo. B.K.S. Iyengar, mwalimu mashuhuri wa yoga wa India, ndiye aliyetufundisha walimwengu kwamba mkanda na tofali si vya wadhaifu, na baada ya siku ya skii hata mwenye mwili laini anavihitaji. Tulimalizia kwa miguu ukutani, taa zimepunguzwa, kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kupewa.

Ila kijitabu chao cha wageni kinadokeza kwamba yoga "huzuia majeraha". Wasiseme hivyo. Ligamenti haikatiki kwa kukosa unyumbufu. Mara nyingi skii inashika theluji huku mwili unakwenda upande mwingine. Kinachoweza kusaidia wakati huo ni vibanio vya kiatu kuachia inavyotakiwa, navyo hupimwa na fundi wa duka la kukodisha kwa uzito wako, urefu, umri, kiwango chako cha kuteleza na urefu wa soli ya kiatu. Mwambie ukweli juu ya uzito na kiwango chako. Dakika hizo dukani zina kazi ambayo mkeka hauwezi kuifanya. Na kwa wanayoga wenzangu wenye viungo laini sana: mlimani ulaini huo hauwalindi. Nguvu za mapaja na makalio ndizo zinazowalinda, anzeni kuzijenga wiki nyingi kabla ya safari.

Sasa asubuhi. Mwalimu wa asubuhi ni mwingine, na ni mwalimu mzuri wa yoga. Ningefurahi kusoma kwake mahali pengine. Lakini hajawahi kuvaa skii, na nyumba haikumpa maelekezo. Darasa lilichukua saa moja na robo, nusu yake ikiwa mikao ya kina inayoshikiliwa muda mrefu, nyonga wazi, mapaja yamevutwa. Kunyoosha msuli kwa zaidi ya dakika moja bila kusogea hupunguza nguvu zake kwa muda, na wewe unatoka hapo kwenda kuutaka msuli huohuo ukushikie breki kwenye baridi kali. Kisha akatufundisha utkatasana ya makalio nyuma. Jioni tunaambiwa magoti mbele, asubuhi tunaambiwa magoti nyuma, na yule jirani yangu wa mkeka ambaye hakuwahi kufanya yoga maishani akabaki hajui ashike lipi. Walimu hawa wawili wanafanya kazi chini ya paa moja na inaonekana hawajawahi kukaa pamoja kuzungumzia kile wanachofundisha. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwa sababu kulirekebisha ni suala la mazungumzo ya chai tu.

Tena muda wenyewe. Theluji bora ni ya mapema, baada ya mashine kuisawazisha usiku kucha na kabla maelfu ya skii hayajaichimba. Chamonix maeneo ya skii yametawanyika bondeni: Les Houches huku, Brévent na Flégère pale, Grands Montets kule, Balme mwisho. Brévent na Flégère zimeunganishwa juu kwa gari la kebo, lakini kwingi unategemea basi. Ukimaliza yoga, ukavaa, ukangoja basi, saa nzuri imeshakwenda. Niliacha kuhudhuria, nikawa najinyoosha mwenyewe chumbani kwa dakika chache: kuzungusha vifundo, magoti na nyonga, mizunguko michache ya salamu ya jua bila kukaa mahali, hatua ndefu za kushuka na kuinuka, kuchuchumaa na kusimama. Mwili upate joto, viungo vikumbuke kazi yao, basi. Wageni wengine wakaanza kujiunga nami kwenye korido. Dakika ishirini za namna hiyo, zikiongozwa na yule mwalimu wa jioni karibu na kituo cha lifti, zingekuwa bora kuliko darasa zima wanalolitoa sasa.

Nasema hivyo nikiwa na ushahidi, maana mchana mmoja alitoka nasi Balme. Kabla ya kupanda lifti alitufanya tulegeze vifungo vya juu vya viatu, tusimame kwa skii moja, tuhamishe uzito, tuzungushe miguu chini ya kifua kilichotulia. Mwalimu wa skii alisimama pembeni akitazama, kisha akaanza kutumia maneno yake: sukuma ulimi, toa pumzi, kifua bondeni. Mchana ule ndio niliona kitu ambacho tangazo linaahidi. Siku nyingine zote ilikuwa likizo mbili zimewekwa sambamba, kila moja nzuri kwa upande wake, hazisalimiani.

Siku ya mapumziko katikati ya wiki, msiifute hata kama jua linawaka na theluji mpya imeanguka. Siku hiyo kuna darasa refu la yin, mikao ya chini inayoshikiliwa dakika tatu hadi tano, na kwa kuwa hushuki mlima baadaye, hapo kunyoosha kwa muda mrefu kuna mahali pake. Niliporudi kwenye skii kesho yake mapaja yalikuwa yameacha kulalamika, na nashukuru kupumzika kwa hilo kuliko ninavyoishukuru yin.

Mahali penyewe ni pazuri kupita maelezo. Hapa ndipo michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika mwaka 1924, na kutoka juu ya Brévent Mont Blanc iko mbele yako, ng'ambo ya bonde. Lakini kama hujawahi kuvaa skii, usijifunzie hapa. Bonde hili lina miteremko mikali na njia rahisi zimekaa mbalimbali. Tafuta wiki kama hii katika kijiji chenye uwanja mpana wa wanaoanza. Na siku ya ukungu, wakati juu hakuna miti na huoni mteremko unaanzia wapi, ombeni mpelekwe Les Houches: miti ya pembeni inayapa macho kitu cha kushika.

Kabla hujalipa, popote utakapokwenda, waulize kama mwalimu wa yoga anateleza mwenyewe, na kama ndiye atakayefundisha wiki yako. Kwenye nyumba hii hawezi kuwapo kila wiki, na bila yeye nisingewaambia mwende. Uliza pia darasa la jioni linaanza muda gani baada ya kurudi mlimani. Hapa walitupa muda wa kuoga na kupata joto kwanza, na ilisaidia. Epukeni likizo za shule za Ufaransa za mwezi Februari, foleni za lifti ni ndefu na njia zinajaa. Chumba cha yoga ni kidogo na nafasi za wiki za Januari na za mwisho wa Machi huisha mapema, kwa hiyo aandikiwe mwalimu kwanza, nyumba baadaye.